Behewa Lisilo na Magurudumu

Viatu vya mama vilianza kurudi nyumbani viking'aa.

Sasa hebu fikiria. Mwanamke anashona mapazia na magodoro kwenye karakana ya reli, anashinda kutwa katika vumbi la mbao na kutu, halafu anarudi na viatu vinavyomulika kama vya bwana harusi. Binti yake alifanya kazi karakana hiyohiyo, na vyake vilirudi vimegeuka rangi ya unga. Siku ya kwanza aliviona pale mlangoni akapuuza. Siku nyingine akainama, akavinusa. Vilinuka nta na tapentaini, dawa ya viatu ambayo baba yake alikuwa akiichanganya mwenyewe ndani ya kopo. Kopo lile walilitupa baada ya mazishi.

"Mama, nani kakung'arishia viatu?"

"Nimevipitisha kitambaa."

"Kitambaa gani hicho, cha ikulu?"

"Kula, chakula kinapoa," mama akasema, akatabasamu.

Tabasamu lenyewe lilikuwa halijaonekana nyumba ile tangu mzee afariki, mwaka mzima nyuma. Binti akala. Nani ana moyo wa kumhoji mtu aliyeanza kutabasamu?

Karakana walimwita binti huyu Msasa, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Yeye ndiye aliyesugua mbao za ndani ya behewa na kuzipaka vanishi. Mama yake walimwita Mama Mapazia. Msimamizi wao alikuwa Bwana Kesho, kwa maana hakuna swali aliloulizwa akakosa kulijibu kwa neno hilo.

Na behewa lenyewe lilikuwa la kulala, la daraja la kwanza, la enzi zile ambapo tajiri akisafiri alitaka asijue kama amesafiri. Watu wa mwanzo kupanda treni za masafa walilala wameketi, shingo zimepinda, masizi puani. Kisha akatokea mtu mwenye akili ya biashara akaona kwamba usingizi nao unauzika. Yakajengwa mabehewa yenye vitanda vya kukunjua ukutani, taa za shaba zenye vivuli vya hariri, beseni la kunawia lililofichwa kabatini, na zulia linalomeza hatua. Kuta zikavikwa mbao nyekundu kutoka misitu ambayo hata waliozaliwa kando yake hawakupenda kuiingia. Na katika kila behewa akawekwa mhudumu mmoja asiyelala, ili wengine walale.

Abiria hawakumwuliza jina. Walibonyeza kengele, akaja. Usiku waliviweka viatu vyao ndani ya kijikabati chenye milango miwili, mmoja chumbani na mwingine koridoni. Mhudumu alivichukua kwa upande wake, akaving'arisha, akavirudisha, bila wao kumwona uso. Kabla ya kila kituo alimwamsha anayeshuka, akamfungulia mlango wa behewa, akaweka kistuli chini, akampa mkono. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kushuka mpaka abiria wa mwisho awe ameshuka.

Baba yake Msasa alikuwa mhudumu wa behewa hilihili hadi treni za kulala zilipokufa. Behewa likasukumwa reli ya pembeni, likaota majani. Mzee akasukumwa nyumbani, akaugua, akaenda zake. Sasa kampuni ya kutembeza wageni matajiri ilitaka behewa lifufuliwe, na Mama Mapazia akaiomba kazi ile kwa mdomo wake.

"Nataka nikaone huko alikokuwa akikimbilia akiniacha," alisema, akacheka, kisha akalia.

Lakini viatu havikuwa jambo zito. Zito lilikuja taratibu.

Jioni moja Msasa alitaja mvua iliyonyesha siku ya harusi ya wazazi wake, jinsi mzee alivyovua koti la sare akamfunika bibi harusi, mwenyewe akaloa mpaka soksi. Hadithi hiyo mama aliisimulia mara nyingi kiasi kwamba majirani wangeweza kumsahihisha. Safari hii aliacha kijiko hewani.

"Mvua? Ilinyesha?"

"Mama, acha utani."

"Labda ilinyesha," mama akasema kwa adabu, kama anayekubaliana na mgeni.

Msasa alijiambia ni majonzi, majonzi huchanganya watu. Wiki hiyohiyo mama akasahau jinsi mzee alivyokuwa akicheka, kile kicheko cha kuanzia puani. Akasahau kwamba mzee, mtu aliyetandika vitanda vya matajiri maisha yake yote, nyumbani hakugusa shuka hata kwa bahati mbaya. "Kazini nimetandika vya kutosha," alikuwa akisema, "hapa niacheni nilale kwenye fujo." Mzee alimwita mkewe Daraja la Kwanza, jina ambalo mama alikuwa bado hajalisahau. Daraja la Kwanza, chai iko wapi? Daraja la Kwanza, nisamehe. Na binti alimwita Mzigo wa Mkononi, kwa sababu mzigo wa mkononi msafiri hamkabidhi mtu.

Kisha Msasa akamkuta mlinzi wa karakana getini amevaa koti la sare lenye vifungo vya shaba.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Mama yako kanipa. Kasema lilikuwa kabatini kwenu, hajui la nani."

Msasa alishika nguzo ya geti. Mlinzi wa watu akaanza kulivua koti huku akiomba radhi kwa kosa asilolijua.

Siku hiyo king'ora cha kutoka kilipolia hakutoka. Alijibanza nyuma ya marobota ya sufi, akawasikia mafundi wakiondoka na kelele zao, akamsikia Bwana Kesho akifunga ofisi. Jua lilikuwa bado lipo, limelala kwenye vioo vichafu vya paa. Behewa lilisimama katikati ya karakana juu ya magogo, maana magurudumu yake yalikuwa yametolewa na kupelekwa kuchongwa upya. Chini yake palikuwa na hewa tupu na paka mmoja. Mama alipanda ngazi, akaingia, mlango ukajifunga taratibu. Paka akatimua mbio.

Msasa alivua viatu, akapanda nyuma yake. Harufu ilimpokea kwanza, nta na tapentaini, na chini ya hiyo harufu nyingine ya mti mbichi uliokatwa sasa hivi, utomvu bado ukitoka, ingawa mbao zile zilikuwa zimekauka tangu kabla babu yake hajazaliwa. Akapiga hatua kwenye zulia, na zulia likayumba. Akadhani ni kizunguzungu chake, akagusa ukuta alioupiga msasa kwa mikono yake mwenyewe, akausikia unatetemeka kwa mdundo, mdundo ule wa chuma juu ya chuma unaolaza watoto, behewa lisilo na magurudumu likienda, likienda kwa kasi, na alipogeuza macho dirishani hakuiona karakana wala jua lake, aliona giza na miti ikipita, na mbali huko taa ya nyumba moja ikikaribia, ikipita, ikipotea, na ndipo, kutoka chumba cha mwisho, akasikia sauti ya mwanaume ikisema kwa upole wa mtu aliyefundishwa kutosumbua, "Bibi amepumzika vizuri?"

"Vizuri," mama akajibu.

"Bibi ana lingine la kunipa leo?"

Msasa alichungulia. Mama alikuwa ameketi kitandani peku, mgongo wima kama abiria wa maana. Mbele yake kijikabati cha viatu kilikuwa wazi kwa upande wa chumbani, na ile sauti ilitokea humo, kutoka upande wa pili, upande wa koridoni. Msasa alikuwa koridoni. Pembeni yake, mahali mkono ungefika, kijimlango cha kabati kilikuwa kimefungwa na hapakuwa na mtu yeyote.

"Leo nina siku uliyorudi na homa," mama alisema, "ukanikataza nisimwite daktari, ukataka nikushike miguu tu."

"Ilikuwa baridi? Miguu?"

"Baridi kama chuma. Ukasema, Daraja la Kwanza, hapa ndipo pangu."

Kisha ile sauti ikarudia maneno yale, na haikuwa tena sauti ya mhudumu. Ilikuwa ya baba yake, na mwisho wake kikaja kicheko cha kuanzia puani. Mama alifumba macho kwa raha. Alipoyafumbua alionekana kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Msasa alimkamata mkono, akamvuta. Walitoka mbio, wakaanguka sakafuni kwenye mwanga wa jioni ya kawaida, na behewa lilikuwa limetulia juu ya magogo yake kama halijawahi kwenda popote.

"Unaniumiza," mama alinong'ona. "Na unamfukuza baba yako."

"Yule si baba."

"Najua." Mama alisema hivyo kwa sauti ndogo sana. "Mwanzoni hakujua kitu. Alijua kukunja shuka na kung'arisha viatu. Alikuwa akiniita Bibi. Nikamwambia mume wangu hakuniita hivyo. Akaniuliza, alikuwa mtu gani? Nikamfundisha, mwanangu. Kila siku kidogo. Sasa yuko karibu kukamilika."

"Na wewe unaisha! Unasahau, mama!"

"Kukumbuka kunaniua. Wewe hujui kulala upande mmoja wa kitanda. Humo ndani, kwa dakika ile anayosema, mimi si mjane."

Msasa aliokota viatu vyake pale alipovivua. Alimvisha mama yake, wakaenda nyumbani wameshikana mikono, na njia nzima alilia bila kujificha.

Msasa alimpata mganga ghorofani juu ya duka la matairi, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, ambaye watu walimwita Mtoa Wageni kwa kazi yake ya kuwaondoa majini katika nyumba za watu. Alimsikiliza Msasa mpaka mwisho.

"Hilo behewa mbao zake ni za zamani?"

"Za zamani sana."

"Basi mimi hapa sina wa kumtoa. Mgeni ni mama yako. Yule yuko kwake. Mti ule ulikuwa nyumba yake, wakaukata naye akiwa ndani, wakaupiga randa, wakaupaka rangi, wakawalaza matajiri ndani yake. Miaka yote hiyo anaona watu wanalala, kila mtu ana jina, ana kwao, ana kituo cha kushukia. Yeye hana. Anayemwona kila siku ni mhudumu, naye pia hana jina humo ndani. Ndiyo kazi aliyojifunza. Sasa mama yako amemletea mtu mzima wa kuvaa."

"Akishampa baba yote?"

"Ataomba kingine. Mama yako amebaki na nini tena?"

Msasa alielewa kwamba amebaki yeye.

"Ashuke," Mtoa Wageni akasema. "Aseme kwa kinywa chake kwamba amefika. Mhudumu akisikia hivyo hana ubishi, lazima afungue. Ila aseme mwenyewe. Wewe huwezi kumsemea."

"Na yale aliyompa?"

Mganga alifunga mfuko wake wa ubani polepole.

"Hayarudi. Nisikudanganye, mwanangu. Akishuka, hata yale machache aliyobakiza ya mzee yatabaki humo, maana yameshikana na mengine. Afadhali ulijue hilo kabla, usije ukanilaumu."

Walirudi karakana alasiri ya siku ya mapumziko. Msasa alikuwa amemweleza mama neno la kusema, naye hakuahidi kitu ila alikubali kuja. Mtoa Wageni alibaki chini, akawasha ubani wake karibu na magogo. Msasa akapanda na mama yake. Behewa lilianza kuyumba kabla hawajakaa, na giza likajaa madirishani kama maji.

"Daraja la Kwanza," ile sauti ikasema kutoka kwenye kijikabati. "Leo umekuja na mtoto."

Ilikuwa sauti ya baba hasa. Msasa alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hilo. Ilikuwa na ule ukwaruzo wa asubuhi, ile pumzi ya mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu.

"Mzigo wa Mkononi," ikasema. "Umekuwa mkubwa. Njoo unisalimie."

Ni lazima isemwe wazi kwamba Msasa aliinuka. Yeye alikuwa amepata baba wa siku za mapumziko tu, baba aliyerudi na kuondoka. Yale maisha yao wawili, mapenzi yao, ugomvi wao, vyote alivijua kwa kusimuliwa na mama. Na sasa mama hakuwa navyo. Vilikuwa humo, nyuma ya kijimlango chembamba, vyote, kwa sauti yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuja kuviacha viende. Alifika kwenye kabati. Aliweka kiganja juu ya mbao. Ilikuwa na joto kama mgongo wa mtu.

"Baba," akasema.

"Nipo. Sitaenda safari tena. Mwambie mama anipe kimoja tu kilichobaki, nitoke nikushike." Kisha sauti ikamgeukia mama, tamu, ikibembeleza. "Daraja la Kwanza, nipe siku aliyozaliwa. Nipe huyu mtoto, nimjue vizuri. Unakumbuka? Alikuwaje?"

Mama alifungua mdomo. Msasa aliiona siku ile ikija usoni pake, ikipanda mpaka kwenye midomo, na mama mwenyewe akitabasamu kwa kuikumbuka. Akamtazama binti yake. Alimtazama muda mrefu, kwanza kama mtu anayetoa zawadi, kisha kama mtu aliyeshtuka kukuta mkono mwingine ndani ya mfuko wake.

"Huyu hapana," akasema.

"Kidogo tu."

"Nimekupa mume wangu. Nimekupa kwa ujinga wangu na uchungu wangu, na sasa hata sura yake naitafuta siioni. Huyu sikupi." Alisimama. "Nimefika. Nishushe."

Behewa lilipiga yowe. Ndivyo Msasa alivyolieleza baadaye, kwamba mbao zote zilipiga yowe kwa pamoja, zile alizozilainisha kwa mikono yake kwa miezi, na taa za shaba zikazima zikawaka, na harufu ya utomvu ikawa nzito hadi ikamkaba koo, na katika korido hatua zikaanza kuja, za mtu mmoja, zisizo na haraka, hatua za mhudumu anayejua kazi yake hata kama moyo wake haupo, zikapita mlango wao bila kusimama, zikafika mwisho wa behewa. Komeo likafunguliwa. Kitu kikawekwa chini, kama kistuli.

Mwangani, pale mlangoni, alisimama mtu aliyenyoosha mkono. Mama aliushika, akateremka, hakugeuka. Msasa aliteremka nyuma yake, yeye akageuka. Aliona koti la sare na mabega ya baba yake yaliyolegea kidogo upande wa kushoto. Juu ya shingo palikuwa na mistari ya mbao nyekundu, imejikunja taratibu kuelekea kuwa uso, haijafika. Katika mistari hiyo utomvu ulikuwa ukichuruzika.

"Safari njema, Mzigo wa Mkononi," kikasema, na kikafunga mlango.

Bwana Kesho alilikabidhi behewa kwa wenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kesho. Likapewa magurudumu, likaunganishwa kwenye treni ya wageni matajiri, likaondoka. Wanaolisafiria husifu huduma yake. Husema kuna mhudumu mmoja humo, mzee mpole, anayewauliza habari za nyumbani kwao na kusikiliza kama mtu mwenye njaa.

Mama alipona. Alinenepa, akarudia kuimba kwenye cherehani, akalala katikati ya kitanda. Watu walimpongeza Msasa kwa kumwokoa, naye aliitikia. Mwanzoni alijaribu kumsimulia mama yake habari za mzee, mvua ya harusi, homa, miguu ya baridi. Mama alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya heshima, akasema anaonekana alikuwa mtu mwema. Baada ya muda Msasa aliacha.

Siku moja, adhuhuri, mama alimkuta amekaa sakafuni jikoni, kichwa magotini, analia kwa kwikwi kama mtoto.

"Nini, mwanangu? Nani kakufanya nini?"

"Namlilia baba."

Mama aliweka chini alichoshika. Alikaa sakafuni kando yake kwa shida, magoti yakilia, akamvuta kichwa akakilaza kifuani. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, vile mtu anavyoushika mkono wa jirani aliyepatwa na msiba.

"Pole, mama yangu. Pole sana," akasema. "Kumbe umefiwa na baba, na mimi sijakuhani."